Upepo wa Kwenda, Upepo wa Kurudi

Kila mwaka nachora ubaoni picha ileile: nchi kavu kushoto, maji kulia, jua juu, na mishale miwili. Mshale wa kwanza unatoka nchi kavu kwenda majini, huo ni upepo wa usiku na asubuhi. Wa pili unatoka majini kuja nchi kavu, huo ni wa mchana, jua likishaichemsha ardhi haraka kuliko linavyochemsha maji. Nimeichora kwa miaka 14. Mtoto wa mvuvi wa Igombe anaijua kabla hajakanyaga darasa. Mimi niliisahau siku moja tu, nikiwa juu ya baiskeli kwenye mashindano ya triathloni, kilomita 45 kutoka Luchelele, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza.

Mashindano yenyewe yalikuwa madogo. Tulikuwa watu 19, wengine wametoka Arusha, wawili Kisumu, waliobaki sisi wa hapahapa Mwanza. Triathloni ya nusu ni hivi: unaogelea kilomita 1.9, unatoka majini unaendesha baiskeli kilomita 90, unashuka unakimbia kilomita 21.1. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Inaitwa nusu kwa sababu ipo nzima yake, ya 3.8, 180 na 42.2, ambayo ilianzia Hawaii mwaka 1978 kwa watu 15 kuanza na 12 kumaliza. Kwa hiyo mtu akikwambia amefanya nusu, usimpe pole. Sisi tulipewa muda wa saa 8 na nusu. Ukizidisha, unaruhusiwa kuendelea kwa miguu yako, ila meza ya saa inakunjwa.

Mwalimu mwenzangu wa michezo ndiye aliyeleta fomu ofisini. Alisema wanawake wamejiandikisha watatu tu, na akaniangalia mimi kwa sababu nakwenda kazini kwa baiskeli. Kuhusu kuogelea hakuuliza. Aliona mtu wa Kirumba, akadhani ni samaki.

Nimezaliwa Kirumba, ambako ukitupa jiwe kwa nguvu linaingia ziwani, na mpaka natimiza miaka 36 nilikuwa sijui kuogelea. Mgeni atashangaa. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika kwetu, nilikuwa darasa la tatu. Walikufa mamia. Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliondokewa na baba na watoto wawili kwa mpigo. Makaburi yapo Igoma mpaka leo. Mama hakutukataza ziwa kwa maneno. Alihamisha tu maisha. Tukaanza kufulia nyumbani, maji tukapanga foleni bombani, na njia ya shule ikawa ile ya juu, ya kuzunguka. Hakuna aliyeuliza sababu. Nimekua na ziwa lenye eneo la kilomita za mraba karibu 69,000 mlangoni, nikilitazama kama watu wanavyotazama nyumba ya jirani waliyegombana naye.

Kuogelea nilijifunza kwenye bwawa la hoteli, kwa kijana mzaliwa wa Ukerewe. Wiki tatu za kwanza sikuogelea hata hatua. Nilishika ukingo, nikatia uso majini, nikapuliza mapovu kama mtoto anayechezea chai, huku watoto wa wageni wenye miaka sita wakinipita chini ya tumbo. Kila nikijaribu kwenda, nilitapatapa mita kumi nikasimama natweta. Nilidhani shida ni mikono. Akaniambia, "Madam, mikono yako haina tatizo. Wewe unazuia pumzi. Itoe humohumo majini, ukiinuka kazi iwe ni kuvuta tu." Ndilo somo lote la kuogelea nililolipia mshahara wangu wa miezi minne kulipata, na lilinichukua miezi mingine mitatu mwili kulikubali. Mtu aliyekua akiogopa maji, akiingia tu, kifua kinafunga mlango.

Bwawa ni kitu kimoja na ziwa ni kingine. Ziwani hakuna mstari wa bluu chini. Kuna ukijani, na baada ya hapo giza. Ukiinamisha kichwa ukapiga mikono kwa uaminifu, utajikuta unaelekea Uganda. Kwa hiyo kila baada ya mipigo minane unainua macho juu ya maji kidogo tu, kama mamba, unatafuta alama yako, unarudi. Sisi wa Mwanza Mungu alitupa mawe, huhitaji bendera. Yangu lilikuwa jiwe lililobeba jingine begani, na mti mmoja umeota katikati yao. Maji ni ya vuguvugu, yale mavazi ya mpira ya Wazungu ungevaa ungejipika. Ila hayabebi mwili kama ya chumvi. Mshiriki mmoja aliyewahi kuogelea Mombasa alilalamika kwamba hapa miguu yake inazama, kama vile sisi ndio tumelitengeneza ziwa.

Na kichocho, maana najua mtauliza. Konokono wake hukaa kwenye majani ya kina kifupi, kwenye matete na magugu maji, ndiyo maana tuliingilia kwenye mawe penye kina na tukatokea hapohapo. Hilo linapunguza hatari, haliiondoi. Kila msimu wa mazoezi ukiisha nakwenda zahanati, na siendi kesho yake. Daktari alinieleza kwamba dawa ya kichocho inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, kwa hiyo nisubiri wiki sita hadi nane tangu niingie majini mara ya mwisho. Walimu wenzangu wanaomeza siku hiyohiyo jioni wakalala usingizi wa amani, nawaonea huruma.

Jioni ya kuamkia mashindano nilikwenda kumwona mzee ambaye mtumbwi wake ungetusindikiza. Alikuwa anashona nyavu za dagaa. Nikamuuliza, "Baba, kesho maji yatakuwaje?" Hakuinua macho. "Maji ya asubuhi hayana neno. Upepo utakuwa unakwenda ziwani. Saa nne utalala. Saa tano utaamka umegeuka. Panga safari zako." Nikamshukuru. Saa tano mimi nitakuwa nimeshatoka majini zamani, nikaona mengine hayanihusu.

Tulianza saa 1 kamili asubuhi. Maboya yalikuwa madumu ya njano ya mafuta ya kula, yamefungwa kwa kamba kwenye mawe chini, mizunguko miwili. Wa kwanza nilikwenda vizuri kupita nilivyostahili. Wa pili, nikiwa mbali kabisa na nchi, kuna aliyenipiga teke la bahati mbaya, miwani ikaingia maji, nikainuka kutazama jiwe langu nisilione. Kifua kikafunga mlango. Nikawa msichana wa darasa la tatu. Sikumbuki kama nilipiga kelele. Mzee anasema sikupiga, anasema nilikuwa kimya sana, na ndicho kilichomleta. Nikashika ukingo wa mtumbwi. Kanuni inaruhusu, mradi mtumbwi usikusogeze mbele. Akatulia na kasia lake. "Toa pumzi kwanza, mwalimu. Ziwa haliondoki." Nikaitoa. Nikamwaga maji kwenye miwani, nikaliona jiwe likiwa palepale na mti wake. Nikaachia.

Dakika 52. Nilipogusa mawe nilicheka peke yangu kama mwehu. Mama alikuwa amekaa juu, chini ya mwembe, amejifunga kanga mbili. Alikubali kuja kwa sharti la kukaa akiwa ameligeuzia ziwa mgongo. Watu waliposhangilia hakugeuka. Alijua nimetoka kwa kusikia sauti yangu nikiomba taulo.

Pa kubadilishia nilitumia dakika 11, aibu tupu, nusu yake nikipigana na soksi kwenye miguu mibichi. Tupite hapo.

Sasa baiskeli. Msukuma na baiskeli hamhitaji kutambulishana. Mama ndiye aliyenifundisha, kwa Phoenix ya marehemu baba, nikiwa mfupi hata kiti sikifikii, mguu mmoja nimeupitisha katikati ya fremu, nakwenda upandeupande kama kaa. Mama mwenyewe aliwahi kunibeba kwenye keria kutoka mjini hadi Magu kwa msiba wa shangazi, zaidi ya kilomita 60, na kufika akasonga ugali. Kwa hiyo katika miezi tisa ya maandalizi niliogelea mara nne kwa wiki na baiskeli nikaihesabu kama mali ya urithi. Ile ya mtumba yenye tairi nyembamba, niliyoinunua kwa shilingi 380,000, nilikuwa nimeiendesha kilomita 60 mara mbili tu. Kilomita 90 sijawahi. Mazoea yana taabu, na nawaambia hivyo wanafunzi karibu kila Ijumaa.

Nilitoka Luchelele mkuku. Nilikuwa nimetoka majini mtu wa 16, na akili ilinituma kwamba deni hilo nitalilipa barabarani. Nyegezi nikampita mmoja. Kwenye kilima cha Buhongwa nikawapita wawili walioshuka gia na kupanda polepole, wanatafuna, wanaongea. Mmoja wao mwanamke wa makamo kutoka Arusha, akaniambia, "Taratibu, dada, bado mbali." Nikamwona mzembe. Kuelekea Misungwi upepo ulikuwa unanijia usoni, si mkali, lakini wa kudumu, kama mtu anayekusukuma kifua kwa viganja viwili bila kuchoka. Sikuuheshimu. Nilisimama juu ya pedali, nikakaza. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: unaonipinga kwenda ndio utakaonisukuma kurudi.

Kula nako nilijipangia kizalendo. Wataalamu wanasema kwa safari ndefu namna hii mwili utafute kama gramu 60 za wanga kila saa, yaani zaidi ya ndizi mbili. Wenzangu walikuwa na vile vipakiti vya uji mtamu vya dukani. Mimi nilijaza mfuko matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Bibi zetu wamevuka njaa kwa matobolwa. Lakini bibi zetu waliyatafuna wamekaa. Jaribu kutafuna kitu kikavu kama ngozi huku unahema kwa mdomo, lori linakupita begani na vumbi lake. Kipande cha tatu kilinipalia nikayumba mpaka kwenye changarawe. Baada ya hapo sikula. Katika saa nne na nusu nilikula ndizi mbili na hayo matobolwa matatu, na sikuhisi njaa, jambo ambalo sasa najua lilipaswa kunitisha.

Niligeuza kwenye pipa lililopakwa chokaa, kupita Misungwi kidogo, saa 4 na dakika 13. Nikatanua mabega nisukumwe. Kilomita tano hivi mambo yakawa mazuri kweli. Upepo ukakata kabisa. Moshi wa mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi ulipanda wima kama nguzo. Nikafurahi. Mvuvi yeyote angeuona moshi ule angefunga tanga.

Kisha pancha: kijiwaya cha tairi la lori, vile vinavyobaki barabarani tairi likipasuka. Nikakaa pembeni nikabadilisha mpira, dakika 15. Fundi baiskeli aliyekuwa ng'ambo alikuja mbio na pampu yake. Nikamwambia hairuhusiwi mtu wa nje kunisaidia. Akasimama juu yangu akiwa ameweka mikono kiunoni, akiugua kila nilipokosea. "Basi nisishike. Niseme naruhusiwa?" Alisema sana.

Nilipopanda tena, moshi wa jiko la pili nililolipita ulikuwa umelala. Umelala kuelekea kusini. Unanijia usoni.

Nilielewa palepale, na picha yangu ya ubaoni ikanijia nzima na mishale yake miwili. Saa nne utalala, saa tano utaamka umegeuka. Mzee aliniambia upepo wa baiskeli, mimi nikasikia upepo wa mtumbwi. Niliangua kicheko, halafu kikaisha, maana mbele kulikuwa na kilomita 30 na zaidi, na miguu nilikuwa nimekwisha kuimaliza asubuhi kwa kuringa.

Wale wawili wa Buhongwa wakanipita. Wa Arusha hakusema kitu. Afadhali angesema.

Karibu na Usagara nilimkuta mwenye mkaa. Magunia mawili, moja kila upande wa keria, la tatu limelazwa juu, anapiga pedali polepole kama mtu anayewaza. Nikawa nyuma yake, na ghafla dunia ikanyamaza. Hakuna upepo. Nyuma ya magunia matatu ya mkaa kulikuwa kama ndani ya nyumba. Akahisi mtu, akageuka, akanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Mnashindana?"

"Ndiyo."

Akatazama nyuma yangu, hakuona mtu. Akatazama mbele, hakuona mtu. "Na nani?"

Nikakosa jibu. Akaniambia nikae hapohapo nyuma, upepo wa saa hizi ni mbaya, wao wote hupita alfajiri. "Mimi nimechelewa kwa sababu mnyororo ulikatika. Wewe umechelewa kwa sababu gani?"

Tatizo ni kwamba kanuni zinakataza kujikinga upepo nyuma ya mwenzako. Tulitakiwa tuachane mita 12. Nilijua. Nilikaa nyuma ya mkaa kilomita moja na nusu, labda mbili, dhamiri ikinisumbua na mapaja yakishukuru, kabla sijamwaga nikapita mbele kwenda kukutana tena na haki yangu. Jioni nilimwungamia mwamuzi. Akaniuliza kama mwenye mkaa alikuwa amevaa namba. Nikasema hapana. Akafunga daftari.

Nilishuka kwenye baiskeli saa 6 na dakika 34 mchana. Ningeambiwa nilale chini ningelala hapo kwenye lami.

Kuhusu mbio sina mengi, kwa sababu mbio zenyewe hazikuwepo. Mizunguko minne ya njia ya vumbi kati ya mawe na miembe. Miguu iliyotoka kwenye baiskeli haipati habari kwamba safari imebadilika, inataka kuendelea kuzungusha. Kilomita tatu za kwanza nilikimbia kama niliyevaa ndoo. Ya nne misuli ya nyuma ya paja ikakaza, nikajishika kwenye jiwe nikanyoosha mguu, mtoto mmoja akaja akasimama na yeye akanyoosha wake, kwa adabu. Alikuwa mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza. "Shikamoo, madam." Huyo alikaa nami mizunguko miwili. Darasani wanamzungumzia Alphonce Simbu aliyechukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa kumzidi Mjerumani sekunde 0.03 baada ya kilomita 42, na mtoto akaniuliza kwa nia njema kabisa mimi nimebakiza sekunde ngapi.

Kilichoniokoa ni chumvi na sukari. Kwenye meza ya maji kulikuwa na pakiti za ORS, zilezile za kuhara. Wengi waliziona ni dawa ya wagonjwa wakanywa maji matupu. Mimi nilijitazama nikaona nimefuzu. Nilichanganya lita moja, nikala ndizi mbili nikiwa natembea, na baada ya dakika 20 hivi macho yakafunguka. Njaa niliyoikataa Misungwi nilikuwa nailipa Luchelele, na riba. Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu: nakimbia kutoka kivuli hadi kivuli, natembea penye jua. Kocha yeyote angesema kinyume. Kocha hakuwepo.

Saa 8 na nusu zangu ziliisha nikiwa sijafika. Niliona kwa mbali wanakunja meza. Nilimaliza kwa saa 8 na dakika 41, alasiri ya saa 9 na dakika 41. Jina langu lipo kwenye karatasi ya matokeo, chini ya mstari waliouchora kwa rula. Mzee wa mtumbwi alikuwa bado yupo, amekaa kwenye jiwe, akaniuliza kama upepo uligeuka saa tano. Nikamwambia saa tano kasoro. Akakubali kwa kichwa.

Nilitaka sana kutembea mpaka majini nikazamishe miguu, ila pale palikuwa kina kifupi chenye majani. Nikaenda kukaa kwa mama chini ya mwembe. Alikuwa ameshanikunjia taulo na amenunua sato wawili kutoka kwa mtu. Tulikaa kimya muda mrefu. Baiskeli yangu ilikuwa imeegeshwa mbele yake, na niliona kwamba ameikagua. Kulikuwa na alama za vidole vyake kwenye vumbi la fremu.

"Mambo ya majini mimi siyajui," akasema hatimaye. "Huko wewe ndiye mkubwa wangu." Akabinya tairi la nyuma kwa kidole gumba, akasonya. "Lakini baiskeli niliyokufundisha mimi haiendeshwi hivyo. Kilima cha Buhongwa, watu wananiambia, umepanda umesimama. Umesimama, wewe mtoto, na njia yote iko mbele?"